Waliobonyeza Nimesikia

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo alfajiri, na programu yetu imeanza baada ya chai ya saa nne. Ilikuwa ianze kabla ya mvua. Mkurugenzi wetu, kijana tunayemwita Kasi kwa kuwa hilo ndilo neno analolijua, alipiga makofi akasema tumeingia kwenye historia. Mimi nilikuwa nimeingia kwenye dimbwi la pale mlangoni na soksi zimelowa chapachapa, kwa hiyo sikupiga makofi.

Niandike tunachofanya, maana hata ndugu zangu wanadhani natengeneza printa. Juu mtoni, kwenye nguzo za madaraja, manispaa imefunga vipimo. Vipimo vinatuma kina cha maji kwenye seva yetu. Maji yakifika mstari wa njano, simu za watu wa bondeni zinalia: jiandae. Yakifika mstari mwekundu zinalia tena: toka. Zinalia kwa sauti ya juu hata kama umezima mlio. Kwenye kioo kuna kitufe kimoja kikubwa, NIMESIKIA. Ukikibonyeza, kelele zinakoma. Mradi wenyewe ndio huo, mengine yote ni mapambo ya kuwaonyesha wenye fedha.

Mama mdogo anaishi huko bondeni, nyumba ya mwisho kabla ya mto. Ndiye aliyenilea tangu sijaota meno ya utu uzima, na sasa nyonga yake haimruhusu kukimbia hata kumfukuza kuku. Miaka yote mvua ikinyesha hukesha kwenye kiti akiusikiliza mto. Jana nimemwekea programu kwenye simu yake na kumfundisha kitufe mpaka akasema basi, yeye si mtoto. Nikamwambia sasa alale kitandani kama watu wengine. Maji yakija, simu itamwamsha.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Kikao cha kusimama cha asubuhi kimechukua karibu saa nzima. Tungekaa tungemaliza mapema, miguu yangu haikuajiriwa hapa.

Jumatatu, 11 Machi

Manispaa wamekuja juu. Maji yanachezea mstari wa njano, yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na kila yakipanda simu zinalia bonde zima. Watu wamechoka. Mwalimu mmoja ameandika kwamba wanafunzi wake sasa wanaiga ule mlio darasani. Wengine wanaifuta programu.

Kasi alitukusanya mbele ya ile skrini kubwa ukutani na kutuonyesha mstari wa malalamiko ulivyopanda. Akasema kelele ni ugonjwa na sisi ni madaktari. Ningecheka, ila nimefanya kazi hii tangu baadhi ya wenzangu wakivaa nepi (ndiyo maana wananiita Shangazi) na nimeyasikia hayo kila mahali nilipopita. Katika kazi yetu kitu kisicholalamikiwa ndicho kinachoitwa kizima. Hakuna anayeuliza kama waliokaa kimya wameridhika au wamekata tamaa.

Jumatano, 13 Machi

Marekebisho yametoka. Kijana wa dawati la jirani, Kinanda, yule anayegonga vibonye utadhani ana ugomvi navyo, aliipa mashine inayotuandikia programu sentensi moja: mtu akibonyeza Nimesikia, asisumbuliwe tena mpaka maji yashuke. Mashine ikaandika msimbo wote. Mashine nyingine ikaukagua. Ikatunga na majaribio yake yenyewe, yote yakapita, kijani kibichi kutoka juu mpaka chini.

Hapa kwetu hakuna msimbo unaotoka bila binadamu mwingine kuupitisha. Hiyo ndiyo sheria, na huwezi kujipitishia wa kwako. Zamani kupitisha kulikuwa kusoma. Ulikuwa unarudishiwa kazi yako imejaa maswali, unanuna, unarekebisha, na baadaye unamshukuru mtu kimoyomoyo. Siku hizi mashine inaandika kurasa na kurasa kabla hujameza mate, nani atasoma? Tunaandika neno moja, "Safi", na kuendelea. Imekuwa kama kuitikia salamu.

Ombi la Kinanda lilinikuta kwenye kikao cha bajeti, simu chini ya meza. Nikaandika Safi.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Malalamiko yamepungua nusu.

Ijumaa, 22 Machi

Malalamiko hakuna kabisa. Kasi kaleta soda na keki. Manispaa nyingine zimesikia habari zetu na zinataka kuja kujionea. Kinanda kapewa kombe la plastiki, kaliweka juu ya kompyuta yake. Nilimtania kwamba nusu ya kombe ni ya mashine, akacheka lakini masikio yakamwiva. Ni mtoto mzuri. Tatizo lake hajawahi kuharibu kitu kikubwa, kwa hiyo anadhani haviharibiki.

Mama mdogo kanipigia kunipongeza. Anasema analala usingizi ambao hajaulala tangu ujana wake.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua haikatiki. Mto ulivuka mstari wa njano jana asubuhi na umebaki hapohapo juu, hautaki kushuka.

Nilimpigia Mama mdogo jioni. Anasema simu yake ililia jana mara moja, akabonyeza kama nilivyomfundisha, na tangu hapo imetulia kama maji ya mtungini. Ila ya Fundi inampasua kichwa. Fundi ni mshonaji, kibanda chake kinatazamana na mlango wa Mama, hushona na kulala humohumo. Ni mtu mzima lakini simu kwake ni ya kupiga na kupokea tu, hajui hata kitufe kiko wapi. Basi leo mchana Mama kajikongoja na fimbo yake akavuka kichochoro, akaichukua simu na kumbonyezea mwenyewe. Fundi akafurahi, akamshonea kifungo cha sweta bure. Habari zikaenea. Wanawake wa kichochoro kizima wamemletea simu zao awanyamazishie, na yeye kawaketisha barazani kama daktari, anawaeleza kwamba mambo haya katengeneza mwanawe.

Nilicheka mpaka machozi. Usingizi haunijii hata hivyo, sijui kwa nini.

Jumanne, 2 Aprili

Mto bado uko juu ya njano. Skrini ya ukutani ni kijani tupu.

Ijumaa, 5 Aprili

Nilimuuliza Kasi kama haoni ajabu mvua inazidi na simu zinapungua kulia. Akaniambia, "Shangazi, hiyo ndiyo maana ya programu bora." Wageni wanakuja Jumatatu. Mpaka wapite, hakuna kugusa kitu, hakuna toleo jipya, hata koma isihamishwe.

Nilikuwa namwona mjinga wa maneno makubwa. Leo nimemtazama akinyoosha viti vya wageni kimoja kimoja, viti ambavyo vilikuwa vimenyooka, na nikatambua kwamba anaogopa. Sikupenda nilichokiona. Mjinga unaweza kumzunguka, lakini mwoga akishikilia kitu hakiachii.

Jumapili, 7 Aprili

Naandika nikiwa ukumbi wa shule, mlimani. Mama mdogo amelala kwenye mkeka hapa ubavuni kwangu. Nisipoandika sasa nitaanza kuyapanga yakae vizuri.

Mchana nilikuwa nyumbani napiga pasi. Nikatazama kipimo cha daraja la juu kwenye simu, tabia tu, kama mtu anavyotazama saa. Maji yalikuwa yamevuka mstari mwekundu. Nikachungulia simu ngapi zimelia bondeni. Zilikuwa za kuhesabika kwa vidole.

Nikampigia Mama. Akapokea kwa sauti ya mtu aliyetoka kulala. Simu haijalia, akasema, kuna nini?

Nilifungua laptopu juu ya meza ya pasi na kwa mara ya kwanza nikasoma kile nilichokiandikia Safi. Haikunichukua muda, haikuwa imejificha. Aliyebonyeza Nimesikia kwenye njano hasumbuliwi tena mpaka maji yashuke. Mashine ilifanya neno kwa neno kile ilichoambiwa. Maji yasiposhuka na badala yake yakapanda, mtu huyo hataambiwa kitu. Hataambiwa toka. Waliopuuza, simu zao zinawalilia mpaka sasa. Waliotii, wale waliobonyeza kama tulivyowafundisha, ndio tuliowanyamazia.

Nililia kwa hasira, peke yangu, pasi mkononi.

Kurekebisha kulihitaji mstari mmoja: kubonyeza kwenye njano kuhesabike kwa njano tu. Niliuandika. Mashine ikaukagua, ikasema uko sawa. Ikabaki binadamu wa kuupitisha, na huwezi kujipitishia wa kwako. Nikampigia Kinanda, simu imezimwa. Nikapiga kwa wengine, mmoja baada ya mwingine. Jumapili, mvua, watu wamejifunika. Miezi yote wameandika Safi bila kusoma, na siku ninayoitaka hiyo Safi hakuna wa kuniandikia.

Kasi alipokea. Nikamweleza taratibu, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala.

"Kesho wageni," akasema. "Tukiachia kitu kibovu leo, simu zote zikalia ovyo, tumekwisha. Nipe mpaka jioni nifikirie."

"Jioni kutakuwa na maiti, Kasi."

Akasema nisimtishe, akakata.

Nikapiga manispaa, namba ya dharura. Mwanamke aliyepokea alikuwa na adabu sana. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, wanaona kwenye mfumo kwamba karibu watu wote wa bondeni wamethibitisha kusikia tahadhari. Ni mfumo wangu aliokuwa ananisomea.

Nikachukua pikipiki. Dereva alikataa kushuka hadi mwisho, akaniacha juu ya kichochoro. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yameshaingia, yanafika kwenye vifundo, yanasukuma ndala za watu. Milango imefungwa. Kilichoniogofya ni utulivu. Hakuna simu iliyokuwa inalia.

Mama alikuwa kitandani, miguu juu, redio pembeni. Nikamwambia tutoke, mto unakuja. Akanitazama nilivyolowa, akasema kwanza nibadilishe nguo nitashikwa na kichomi. Nikamwambia tena. Akainua simu yake kutoka kwenye mto wa kulalia, akanionyesha kioo.

"Haijalia, mwanangu. Ikilia nitatoka."

"Imeharibika, Mama. Mimi ndiye ninayekwambia."

"Wewe ndiye uliyeniambia nisihangaike na maneno ya watu, nisubiri simu."

Nilimvuta mkono akanipiga kofi la mgongo wa mkono, kama zamani. Hajui ni kiasi gani alikuwa na haki. Tangu Machi namfundisha kuamini mlio ule kuliko masikio yake, kuliko mto wenyewe ambao ameusikiliza maisha yake yote, na alikuwa amenielewa kabisa.

Maji yaliingia chini ya mlango. Akili ikanifunguka. Nikatoa simu yangu, nikaifuta programu, nikaiweka upya, nikajiandikisha kama mkazi mpya wa nyumba ile, mtu ambaye hajawahi kubonyeza chochote. Mtandao ulisuasua. Nilikaa kitandani pale nikitazama duara linazunguka, Mama ananiuliza nachezea nini, na sijawahi kuichukia kazi yangu kama wakati ule.

Ikalia. Ule mlio wote, na ile sauti ya mwanamke tuliyemrekodi: toka sasa, toka sasa.

Mama akaweka miguu chini. Hakubishana, hakuuliza swali. Akasema nimpe koti na ule mfuko wa dawa.

Tulitoka nimemshika kiuno, simu inalia mkononi, mimi nagonga milango kwa kiwiko na kupiga kelele. Wengine walifungua, waliposikia mlio wakatoka mbio na watoto. Kwa Fundi mlango wa bati ulikuwa umeshushwa. Niligonga. Niligonga sana. Mama akasema leo Fundi kaenda kupeleka sare za shule, alimwambia juzi. Maji yalikuwa magotini na yeye mzito, anateleza. Tukaendelea.

Huku ukumbini, giza likianza kuingia, Kinanda alinipigia. Alikuwa ameamka na kukuta simu zangu. Nikamwambia apitishe mabadiliko yangu. Kabla sijamaliza kumweleza ni nini, akawa ameshaandika Safi. Hakusoma.

Mara simu zote ukumbini zikalia pamoja. Watoto wakaanza kupiga mayowe. Mama akaitafuta ya kwake kwenye koti, akavaa miwani, akabonyeza Nimesikia, akanitazama kwa fahari. "Umeona?" akasema. "Imechelewa tu."

Jumatatu, 8 Aprili

Wamempata Fundi. Hakuwa amekwenda popote. Alimalizia sare usiku kucha na alikuwa amelala nyuma ya pazia. Waliovunja mlango wanasema simu yake ilikuwa kwenye rafu ya juu, kavu, bado inalia. Ilianza jana jioni, pamoja na zile za ukumbini.

Kuna wengine. Wa kichochoro kile na vichochoro vya chini yake. Siwezi kuandika leo.

Jumatano, 10 Aprili

Wageni hawakuja. Badala yao walikuja watu wa manispaa na maswali.

Kasi kaandika ripoti. Kaniita ofisini aniwekee mbele nitie saini kama mhandisi mkongwe. Ni ripoti iliyoandikwa vizuri, naye kakonda kwa siku hizi chache, macho yameingia ndani. Inasema mfumo ulifanya kazi kama ulivyosanifiwa. Inasema waliofariki, kwa mujibu wa takwimu, wote walikuwa wamebonyeza Nimesikia. Hakuna uongo hata mmoja ndani yake, nimeisoma mara mbili kuutafuta.

"Inatulinda sote," akaniambia. "Hata wewe. Jina lako ndilo lililopitisha."

Nilimrudishia kalamu. Nikavuka barabara hadi manispaa na laptopu yangu chini ya mwavuli, nikawaonyesha ule mstari, nikawaonyesha neno Safi na jina langu kando yake. Walikuwa watu watatu na walinisikiliza bila kunikatiza. Mmoja akauliza mashine ilikosea wapi. Nikasema haikukosea. Akaandika kitu, akafuta.

Nimemkuta Kinanda kwenye ngazi, anatazama ukuta. Nilikaa naye. Akasema atawaambia sentensi ilikuwa yake. Nikamwambia awaambie, na awaambie pia kwamba aliitoa aisome mtu mwingine, na mtu huyo hakuisoma.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimesimamishwa kazi. Mvua.

Alhamisi, 18 Aprili

Mama mdogo amehamia kwangu. Kachukua kitanda, mimi nimechukua kochi. Amerudia kukesha kwenye kiti dirishani, ingawa hapa hakuna mto, kuna maegesho ya magari.

Kila siku kuna anayekuja kumpa pole, na kila mgeni anamwacha na kipande cha habari. Mmoja kamwambia waliobonyeza ndio waliokufa. Mwingine kakana. Mama anasikiliza, anashukuru. Jana alianza kuwataja kwa sauti ndogo, mmoja mmoja, wale wanawake aliowaketisha barazani, akauliza nani yuko wapi. Nilijibu niliowajua. Wengi wako hai. Si wote.

Jumapili, 21 Aprili

Mvua imekatika. Jua la kwanza, watu wametandaza magodoro kwenye kuta.

Manispaa nimewaambia kila kitu na nitawaambia tena wakiniita, hata kama ni mahakamani. Nilidhani hilo ndilo gumu.

Leo nilikuwa namkanda Mama nyonga kwa maji ya moto. Alikuwa amelalia ubavu, amenipa mgongo, na aliongea kuelekea ukutani.

"Niambie jambo moja na usinifiche. Siku ile nilipombonyezea Fundi simu yake. Baada ya hapo, ililia tena?"

Nilikamua kitambaa. Nilikikamua mpaka hakikuwa na maji tena.

"Ililia, Mama. Waliovunja mlango waliikuta inalia."

Alivuta pumzi ndefu, mgongo wake wote ukalegea chini ya mikono yangu.

"Basi ni usingizi," akasema. "Maskini, alichoka na zile sare."

Baadaye kidogo akalala, kitandani, kwa mara ya kwanza tangu aje. Nimekaa hapa kwenye kiti chake.